Si Mvivu Huyo Anayesahau



Kila kikosi kina mtu wake. Anapewa maagizo matatu, anarudi amefanya moja. Anasahau kofia, anaacha nyundo ukingoni mwa shimo. Kapita anamwita mvivu. Bibi yake anasema hamjali. Sisi tunasema: kabla ya kumkata mshahara, ulizeni alivyokuwa utotoni.

Wako watu wenye upungufu wa umakini tangu watoto. Kwa nini haukuonekana mapema? Hapa Kindu jibu liko darasani. Mwalimu mwenye watoto wengi humwona yule anayeruka juu ya benchi. Yule aliyekaa kimya, mawazo yake yamekwisha kuvuka Lualaba, hamsumbui mtu. Mwisho wa mwaka anaambiwa hana akili, basi. Wasichana wengi hupotea kwa njia hiyo. Waganga wenyewe walichelewa: mwaka 1968 kitabu cha waganga wa akili wa Marekani kiliupa jina la kutotulia tu, ni mwaka 1980 kilipokubali kwamba mtoto aweza kuwa nao hata akiwa ametulia.

Tena nyumbani mama ndiye alikuwa kumbukumbu yake. Alimwamsha, akamtafutia daftari, akamtuma jambo moja moja. Kazini mama hayupo. Sasa ni taa, pampu, nguzo, saa ya baruti. Kusahau kulikoleta fimbo masomoni, shimoni kunaleta kifo, na si chake peke yake.

Lakini tusidanganyane, si kila anayesahau anao. Malaria, usingizi mchache, pombe, masikio yaliyoharibiwa na kelele za mashine, vyote hufanana nao. Mwenye upungufu huu dalili zake zilikuwapo kabla ya miaka 12, nyumbani na masomoni pia. Aliyeanza kusahau mwaka huu ana jambo jingine, naye aende kwa munganga upesi.

Kapita, usipige kelele. Mpe agizo moja, alirudie kwa kinywa chake, ndipo aondoke. Siku ya baruti, mwekee mwenzake wa kuhesabu vifaa pamoja naye. Na wewe mama unayesoma ukurasa huu, munganga akikuuliza mwanao alikuwaje darasa la tatu, usifiche kwa aibu: pengine hakuna mwingine anayekumbuka.