BARAZA LA KARANI: Daftari la Kirusi

Juma hili niruhusuni niache habari za daftari la ubatizo niwaeleze habari za daftari jingine.

Mama mmoja wa parokia yetu alikuja ofisini pamoja na mwanawe, kijana aliyepata nafasi ya kusomea uganga Moscow, katika kile chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1960, kikapewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961, kikavuliwa jina hilo mwaka 1992, na kurudishiwa mwaka 2023. Kijana atakaa kwanza karibu mwaka mzima katika darasa la kujifunza lugha, kisha ataanza masomo yenyewe kwa Kirusi. Asipoishika lugha mwaka ule, uganga wake utakuwa mashakani. Mama alikuwa amesikia kwamba zamani za chuo cha ualimu nilijifunza mwanzo wa Kirusi kwa kitabu. Ni kweli, ila mimi si fundi.

Kijana akafungua daftari lake. Nikaona ameandika maneno yote ya Kirusi kwa herufi zetu. Nikamwambia alifunge.

"Lakini mwalimu, hivi ndivyo vyepesi!"

"Ni vyepesi leo, mdogo wangu. Huko utasoma ubaoni, si daftarini mwako."

Herufi za Kirusi ni 33. Zile ngeni kabisa hazina hatari sana, maana macho hukubali kwamba hayazijui. Hatari iko katika zile zilizovaa sura ya herufi zetu. В ni v, Н ni n, Р ni r, С ni s. Nilimwandikia РЕСТОРАН, akasoma "pektopa". Kumbe ni "restoran", yaani hoteli ya chakula. (Herufi hizi zimepewa jina la Mtakatifu Sirili, aliyefariki Roma mwaka 869, ingawa yeye alitunga herufi za namna nyingine, hizi zilitengenezwa baada yake, huko Bulgaria.) Nikampa juma moja azikariri zote, na akaweza.

Baada ya herufi huja mkazo, na hapa sisi Waswahili tunaumia. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache. Barabara ya kupitia magari si barabara ya "sawasawa". Mkazo wa Kirusi huhamahama, wala vitabu vya kawaida haviuonyeshi. Ukisema "múka" umetaja mateso, ukisema "muká" umetaja unga. Tena o isiyo na mkazo hulegea ikawa kama a: maziwa huandikwa молоко, lakini husemwa "malakó". Kwa hiyo kila neno lisikilizwe kwanza, ndipo liandikwe.

Sarufi yao isimtishe mwenye ngeli. (Mnisamehe, hapa naandika kwa herufi zetu kwa ajili ya mpiga chapa.) Nyumba mpya ni "novy dom", kitabu kipya ni "novaya kniga", dirisha jipya ni "novoye okno". Ngeli zao ni tatu tu! "Ni" hawana: "ya student" ni mimi mwanafunzi, basi. Jasho litamtoka kwenye miisho ya majina, maana "kniga" ni kitabu, lakini nikisema nasoma kitabu, huwa "knigu". Miisho hiyo ina hali sita, nami nilipofika ya nne nilikiweka kitabu kando miezi miwili.

Kitu kimoja kilitaka kumponza kweli. "Chetverg", siku yenye nne ndani yake, aliiandika Jumanne. Wao huhesabu kuanzia Jumatatu, kwa hiyo "chetverg" ni Alhamisi. Angefika darasani siku mbili kabla ya wenzake, au mtihani ungempita.

Jumapili iliyopita walirudi. Kijana alisoma РЕСТОРАН bila kusita, mama yake akauliza kama katika hoteli hizo kuna ugali.

"Ugali hakuna, mama, ila wana kasha," nikamjibu.

"Kasha? Wanakula mbao?"

Ikabidi nimweleze kwamba kasha ya Warusi ni nafaka iliyopikwa ikawa kama uji mzito. Akamgeukia mwanawe, akamwambia aliandike neno hilo upesi, kwa herufi zao.