WANAOISHI JAHAZINI NAO WAHESABIWE

Mgeni afikaye Kwaluguru, Wilaya ya Handeni, hatarajii kusikia habari za bahari. Hata hivyo, gunia la mahindi linaloshonwa huku huweza kuishia Unguja au Pemba, na baina ya huku na huko wapo watu ambao nyumba yao ni jahazi. Hao ndio tunaotaka kuwasemea leo.

Mto Pangani wapita Korogwe ukielekea baharini, lakini hakuna chombo kiwezacho kuufuata hadi pwani. Maporomoko yamezuia njia hiyo tangu zamani, ingawa faida yake tumeipata kwa umeme: mtambo wa Hale wa megawati 21 ulianza kazi mwaka 1964, na ule mpya wa Pangani wa megawati 68 mwaka 1995. Kwa sababu hiyo mali hushuka kwa lori hadi Tanga, Pangani au Kipumbwi, na huko hupokewa na majahazi.

Toka Kipumbwi hadi Mkokotoni ni mwendo wa kilomita 50 hivi. Mwananchi wa Handeni mwenye jamaa zake Mkokotoni, akifuata njia kuu, yampasa ashuke Dar es Salaam, avuke hadi Unguja mjini, kisha apande gari tena kwenda kaskazini. Si ajabu basi akiomba nafasi juu ya magunia.

Majahazi hayasafiri kwa saa ya ukutani. Katika vijito vingi vya mwambao huu chombo hakitoki maji yakiwa yamekupwa. Nahodha hungoja maji yajae, na akisha kungoja maji hungoja upepo. Kusi ikishika, hasa toka Juni hadi Agosti, siku kadhaa hupita chombo kikiwa kimelala matopeni. Mabaharia hupika kwa kuni ndani ya kisanduku cha mchanga, hulala juu ya shehena, huteka maji ya ngama kwa zamu, na chombo kikikaa pakavu hukikalafati kwa pamba na kukipaka sifa. Wapo wasiolala nyumbani mwezi mzima. Baharia wa namna hii hana barua ya ajira. Ujira wake ni fungu la nauli ya shehena, baada ya chombo na nahodha kupata mafungu yao. Akipotea baharini, mkewe hana ofisi ya kuiendea, kwa kuwa hakuna ofisi iliyopata kuliandika jina lake.

Twalijua jibu la watendaji, kwamba jahazi la mizigo halina ruhusa ya kuchukua abiria. Amri hiyo ina sababu nzuri na hatuipingi. Tunachosema ni kwamba amri isiyo na badala hukiondoa chombo gatini na kukipeleka bandari bubu, usiku, mahali pasipo na mtu wa kuhesabu. Wala tusijidanganye kuwa hatari imo katika tanga na mlingoti peke yake. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Mv Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Mamia walifariki, na ubishi juu ya idadi ya waliokuwemo ukadumu. Tarehe 18 Julai 2012, Mv Skagit ilizama karibu na Chumbe. Chombo kilichopata kuhudumu katika maji yaliyokingwa ya jimbo la Washington, Marekani, kilikutana na kusi ya Julai. Vyote viwili viling'oa nanga katika bandari kubwa, mchana au usiku, mbele ya macho ya wakubwa.

Usimamizi wa vyombo Bara ni kazi ya TASAC, na Zanzibar ni kazi ya Mamlaka ya Usafiri Baharini. Jahazi litokalo Kipumbwi huanza safari chini ya mlezi mmoja na kuimaliza chini ya mwingine, na mtoto wa walezi wawili, tunavyofahamu sote, huweza kulala na njaa kila mmoja akidhani mwenzake amempa chakula. Twaomba walezi hao wakubaliane juu ya orodha moja: jina la nahodha, la kila baharia, na la kila mtu mwingine aliyemo. Nakala moja ibaki pwani, na nyingine itangulie kwa simu hadi Mkokotoni. Pamoja na hayo, kila aliyemo awe na koti la kuokolea. Chombo cha abiria chenye ratiba ya kudumu kati ya mwambao huu na kaskazini ya Unguja twakitaka pia, lakini hicho chahitaji fedha, na fedha huchukua muda.

Orodha haihitaji kungoja bajeti. Yahitaji daftari, kalamu, na mtumishi wa kukaa ufukoni wakati wa maji kujaa, hata ikiwa ni saa tisa ya usiku.