Msumeno wa milioni sita: hesabu mbao kwanza

Fundi mmoja jirani yangu hapa Mazimbu, Morogoro, anataka kuuza pikipiki yake na kukopa kiasi kitakachopungua ili anunue msumeno wa meza wa kisasa, ule ambao mota yake imefungiwa ndani ya kabati la chuma na meza yake ni ya chuma kizito cha kusubu. Aliponiomba ushauri nilimjibu haraka kwamba hiyo ni anasa kwa karakana ya uani. Nilikosea.

Msumeno alio nao sasa ni wa kawaida mitaani kwetu: fremu ya vyuma vya pembe iliyochomelewa, mota ya mtumba, mkanda ulio wazi, na meno yasiyo na kinga. Kupasua unapasua, tena kwa kasi. Lakini fremu inatikisika na msumeno unayumba, kwa hiyo njia inayopaswa kuwa ya milimita 3 inakuwa ya 6, na kila kipande kinahitaji kurandwa milimita nyingine 3 ili kinyooke.

Tuchukue ubao wa mtiki wenye upana wa milimita 300, na fundi anataka vipande vya milimita 45. Kwa msumeno ulionyooka anapata vipande 6 na bado kinabaki kidogo. Kwa huu unaoyumba anapata 5. Cha sita kimegeuka vumbi na maranda. Hapo ndipo fedha yake inapopotelea, wala si kwenye kasi ya mashine.

Sasa bei, na hizi ni za mfano tu. Ubao ukiwa shilingi 30,000, kipande kilichookolewa kina thamani ya shilingi 5,000. Mashine ya milioni 6 ikitumika miaka 10, gharama ya kuchakaa kwake ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Mbao 10 kwa mwezi zinailipa. Lakini akikopa milioni zote 6 kwa riba ya asilimia 18, mwaka wa kwanza riba pekee ni takriban shilingi 90,000 kwa mwezi, na hapo anahitaji mbao 28. Je, wateja wa mbao 28 wapo kila mwezi, hata Januari ya ada za shule? Swali hilo ajiulize kabla ya kuweka hati ya nyumba mezani kwa mkopeshaji.

Aongeze na umeme. Mota ya nguvu farasi 3 ni kama kilowati 2.2, na ikiwaka huvuta zaidi ya ampea 13 za soketi ya ukutani; inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya hapo. Inataka waya wake na fyuzi yake kutoka kwenye mita. Wengi hulisahau hilo hadi soketi inaponuka moshi.

Kuna jambo ambalo sikuliingiza kwenye hesabu. Nyuma ya meno ya msumeno wa kisasa kuna kisu chembamba kinachozuia mpasuko usijifumbe. Ukijifumba, meno ya nyuma huikamata mbao na kumrushia fundi, na mkono uliokuwa ukisukuma huangukia kwenye msumeno. Jirani yangu ana vidole tisa. Nilipomwambia habari za anasa, aliniangalia tu.

Kwa mafundi wenye kazi chache, mashine moja ya kuchangia ni bora kuliko misumeno mitano inayotikisika. Mazimbu si wageni wa jambo hilo. Wapigania uhuru wa ANC, waliopewa eneo hili mwaka 1977, walikuwa na kiwanda cha samani chenye jina la Vuyisile Mini kilichohudumia jumuiya yao, kabla ya majengo kukabidhiwa Tanzania mwaka 1992 na kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Jirani nimemshauri auze pikipiki, atafute mashine ya mtumba isiyohitaji mkopo mkubwa, na asiinunue kama kile kisu kimeng'olewa. Mimi, fundi wa Jumamosi, sipitishi mbao nane kwa mwezi. Nitapeleka zangu kwake na kumlipa kwa kila mpasuo.