Mkondo wa Amali Usiwe Jalala

Tangu Januari 2024, baadhi ya shule zetu za sekondari zimekuwa zikipokea watoto wa kidato cha kwanza katika mikondo miwili: mkondo wa jumla, ambao wazazi wanaujua, na mkondo wa amali, ambao wengi wao bado wanauliza maana yake. Maana yake ni kwamba mtoto husoma masomo ya sekondari na papo hapo hufunzwa kazi, iwe uashi, umeme, ushonaji, kilimo au nyingineyo. Jambo hili ni jema na linastahili kuungwa mkono na kila mwenye kulitakia Taifa heri. Lakini kuunga mkono si kupiga makofi tu.

Yafaa ieleweke kuwa wazo lenyewe si geni. Huko Ifunda, mkoani Iringa, mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi kutoka Poland wakati wa Vita Kuu ya Pili, ilifunguliwa shule ya ufundi mwaka 1951. Ile ya Moshi ikafuata mwaka 1957. Baada ya Uhuru zikafanywa shule za sekondari za ufundi, na orodha ikaongezeka: Tanga, Mtwara, Iyunga, Bwiru, Musoma. Machi 1967 Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, na katika miaka ya sabini sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu.

Basi, tulikwama wapi? Siasa yenyewe haikuwa mbovu. Mahali pengi mchepuo wa kilimo uligeuzwa adhabu: mtoto akichelewa, apewe jembe. Karakana zilikuwapo, lakini msasa ulipokwisha hapakuwa na fungu la kununulia mwingine; kipuri cha mashine ya kukereza vyuma kilipovunjika, mashine ikafunikwa turubai. Mwalimu wa ufundi alipostaafu, nafasi yake ikabaki wazi. Na wakati wote huo mshahara uliendelea kumtukuza mwenye meza. Mwaka 1965 mtaalamu Philip Foster, aliyeichunguza Ghana, alieleza kuwa vijana waliozikwepa shule za ufundi hawakuwa wajinga. Walikuwa wamekwisha kupiga hesabu na kuona ni elimu ipi inayolipa. Hesabu hiyo wazazi wetu nao wanaijua, tena bila kusoma kitabu cha mtu.

Hatari tunayoiona leo ni ya namna hiyo hiyo. Vijiweni watu wamekwisha anza kusema kuwa amali ni ya wale ambao vichwa vyao havishiki. Mkuu wa shule atakayewapanga wanafunzi kwa kufuata kauli hiyo, akawaweka wenye alama za juu mkondo wa jumla na waliobaki akawasukuma karakana, atakuwa ameiua sera kabla haijatambaa.

Tena kauli hiyo ni ya uongo. Fundi wa umeme asiyejua hesabu ya mkondo na ukinzani ataunguza nyumba ya mtu. Mwashi anapotaka kona ya msingi iwe mraba, hupima futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, kisha huvuta kamba ya kukatisha. Ikitimia futi 5, kona imekaa. Hiyo ni jiometri ile ile inayoandikwa ubaoni, ila huyu akikosea ukuta hupinda na mwenye nyumba hukataa kulipa. Kazi kama hii haimfai mwanafunzi mzembe, na haimfai mwalimu mzembe.

Liko pia suala la fedha. Waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, lakini kwa miaka mingi theluthi moja tu ya tozo hiyo ndiyo iliyotengewa VETA. Theluthi mbili zilikwenda kwingine, ikiwamo mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Hatuwaonei kijicho vijana wa vyuo vikuu. Lakini mtu aliyechangishwa kwa jina la fundi ana haki ya kuuliza kwa nini fundi hana jiriwa.

Halmashauri zetu nazo zisijifiche nyuma ya Wizara. Kila mwaka zinanunua madawati, milango na madirisha. Kwa nini sehemu ya kazi hiyo isipelekwe katika karakana za shule za amali, kwa bei ya haki na chini ya jicho la mwalimu? Vijana wangepata mazoezi, na shule ingepata senti za kununulia mbao za muhula unaofuata.

Vikao vya bajeti vinapofika, diwani akiuliza habari za shule hizi asijibiwe kuwa jengo limekamilika na rangi imepakwa. Aelezwe stoo ina nondo ngapi na nyaya kiasi gani, na mwalimu wa kuchomelea ameripoti lini.