Nukta Bilioni Mbele ya Milima ya Upare

Imeenea katika zama hizi dhana, wala si kwa wapiga picha peke yao, kwamba picha ya mandhari iliyoungwa kwa mamia ya vipande, yenye nukta zipatazo bilioni moja, ni ya kweli kuliko picha nyingine yoyote, kwa kuwa mtazamaji akiivuta karibu huona jani na jiwe. Dhana hiyo naiona ni ghururi, na mahali pa kuibatilisha ni Same, mji uliokaa penye mwanya kati ya Upare ya Kaskazini na ya Kusini, ambako milima imeikaribia barabara hata msafiri wa basi hudhani imejifunua yote mbele yake.

Tuanze na hesabu. Jicho zima la binadamu hupambanua vitu vilivyotengana kwa kadiri ya sehemu moja ya sitini ya digrii. Basi mtu akisimama Same akageuka nusu duara, akatazama kwa kimo cha digrii 30, yote awezayo kuyapambanua ni nukta kama milioni 20. Picha ya bilioni ina mara hamsini ya hizo. Asemaye kwamba kuitazama ni sawa na kusimama pale amekosea, kwani imemwonyesha jambo ambalo hapana aliyesimama pale akaliona; na mwanamke anayeanika nguo uani kwake huko mteremkoni, ambaye umbali ndio uliokuwa sitara yake, hakuulizwa.

Kisha wakati. Mpiga picha huifunga kamera yenye lenzi ndefu juu ya kiweko cha miguu mitatu, akaizungusha kwa namna ambayo mti wa karibu hauhami mbele ya mlima wa mbali, kila kipande kikimlalia jirani yake kwa kiasi cha robo. Kazi hii yataka subira na adabu, nami naistahi. Lakini kipande cha kwanza na cha mwisho huenda vikatengwa na nusu saa, na katika nusu saa hiyo wingu lililokikalia kilele cha Shengena, chenye mita zipatazo 2,460, limeshuka na kupanda, vivuli vimehama, na basi la Arusha limetokea mara mbili au limebaki nusu. Programu inayoviunga vipande huificha mishono yake, na kadiri ifichavyo ndivyo isifiwavyo. Shahidi gani huyu? Mpiga picha Eadweard Muybridge, alipoipiga San Francisco mwaka 1878, alizipanga picha 13 ubavu kwa ubavu, na kila mtu aliona zinapokutana.

Hewa nayo ina hukumu yake. Jua likipanda, tambarare kavu za Same hutetema kwa joto, na lenzi hata ikirefushwa huvuna nukta zaidi za mtetemo ule ule. Ndiyo maana wajuzi hupiga alfajiri, baada ya mvua kuliosha vumbi.

Na bado sijataja mgongo wa mlima. Nukta bilioni zilizopigwa kutoka Same hazina hata jani moja la tangawizi ya Mamba, ambayo hulimwa upande wa pili, wala hazionyeshi ndiva, yale mabwawa ya kale ya Wapare ya kumwagilia mashamba, yaliyositirika katika mikunjo ya mabonde. Abiria aliyepanda gari hadi Mamba na simu yake duni amepata habari ambayo mwenye picha ile adhimu hataipata kwa kuongeza vipande; sharti ahamishe kiweko.