Moyo Uulizwe Kabla ya Kisu

Majuzi mwalimu mwenzangu aliyestaafu alilazwa katika hospitali moja ili apasuliwe ngiri. Alitia saini fomu, akatolewa damu, akalipa. Hakuna aliyemuuliza kama anaweza kupanda ngazi bila kutweta. Mimi nilijua kwamba hawezi, nikamwambia daktari. Upasuaji uliahirishwa, moyo ukapatikana kuwa dhaifu, akatibiwa kwanza. Leo yu hai. Je, kama nisingalikwenda kumwona siku ile?

Elimu hii si ngeni. Mnamo 1977, Lee Goldman na wenzake mjini Boston, Marekani, walichapisha kipimo cha hatari ya moyo kilichotokana na wagonjwa 1,001 waliozidi umri wa miaka 40. Mwaka 1999 Thomas Lee na wenzake walitoa kingine chepesi chenye mambo sita: ukubwa wa upasuaji wenyewe, maradhi ya mishipa ya moyo, moyo kushindwa kusukuma damu, kiharusi cha awali, kisukari kinachotibiwa kwa insulini, na udhaifu wa figo. Kadiri mambo hayo yanavyoongezeka, ndivyo hatari inavyozidi. Mengi kati yake hujulikana kwa kuuliza tu, wala hayahitaji mashine ya bei ghali.

Hata hivyo, tusikariri kama kasuku. Kipimo cha 1977 kilihesabu vali ya moyo iliyosinyaa. Cha 1999 hakikuihesabu. Nasi hapa Kenya bado tuna homa ya baridi yabisi, ambayo huanzia kwenye koo la mtoto lisilotibiwa na kuishia kuharibu vali. Msichana wa miaka 20 aweza kupata sifuri katika hesabu hiyo ilhali moyo wake ni mgonjwa. Atakayemwokoa ni daktari anayemsikiliza kifua kwa makini.

Sisemi kila upasuaji ucheleweshwe. Utumbo ukijisokota, hakuna kungoja. Lakini kwa upasuaji unaoweza kusubiri, dakika 10 za maswali si anasa. Ni haki ya mgonjwa.

Nanyi walimu, wafunzeni wanafunzi kueleza maradhi yao bila haya, na kumuuliza daktari bila woga. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku hizi naongeza: na asiyeuliza naye ana lawama.