Staa Kaposti Darubini ya 24x, Sasa Kila Mtu Anaitaka: Jamani, Mnapigwa!

Kuna video inazunguka balaa wiki hii. Mbongo mwenzetu mmoja, staa wa mitandaoni anayekula maisha Texas (jina nalihifadhi, wanaomfuatilia mshamjua), kaonyesha bunduki yake ya kuwindia. Juu yake kafunga darubini kubwa kama chupa ya chai, anajisifu inavuta mara 24 na kainunua bei chee. Washkaji walioko Marekani wamejaa pale chini wanaulizia wapi inauzwa.

Mimi sina ugomvi na staa. Ila kwa hili niseme ukweli wangu: kama hela yako ni ya mawazo, hiyo namba 24 ndiyo ya kuikimbia.

Tuanze na kitu mnachokijua wote, simu. Mwaka 2020 Samsung walitoa Galaxy S20 Ultra yenye kuvuta mara 100. Tulipagawa. Halafu ukipiga picha kwa hiyo 100 unapata nini? Uji! Darubini ya bunduki ni hivyohivyo. Namba kubwa haigharimu sana kuiandika kwenye boksi. Kinachogharimu ni vioo vizuri na mitambo ya ndani inayobaki mahali pake baada ya bunduki kupiga teke mara mia.

Hebu tuisome namba yenyewe. Darubini ya staa ni 6-24x50. Maana yake inavuta kuanzia mara 6 hadi 24, na lenzi ya mbele ina milimita 50. Chukua 50 ugawe kwa 24, unapata kama milimita 2. Huo ndio upana wa mwanga unaofika kwenye jicho lako. Gizani mboni ya kijana inaweza kufunguka hadi karibu milimita 7, kwa hiyo hapo unachungulia kwenye tundu. Sasa chukua ile ya kizamani ambayo hakuna anayejisifia, 3-9x40. Hata ukiivuta hadi mwisho, 40 kwa 9 ni milimita 4.4. Mwanga mara mbili ya upana ule.

Na mwanga ndio kila kitu porini. Texas, saa halali za kuwinda kulungu ni kuanzia nusu saa kabla jua halijachomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Wale kulungu wa mkia mweupe wanapenda kutembea kipindi hichohicho cha giza giza. Utasema, si naishusha tu hadi 6? Sawa kabisa, itang'aa. Lakini basi hizo 24 ulizilipia za nini?

Kuna na kutafuta mnyama. Kila ukivuta mara mbili zaidi, upana wa eneo unaloliona unapungua nusu. Kulungu katokea umbali wa yadi 60, wewe uko kwenye 24, unaona manyoya tu, hujui ni bega au tumbo. Mapigo ya moyo wako yanatikisa picha yote. Sehemu ya kumpiga kulungu afe haraka, pale kwenye moyo na mapafu, ina upana wa kama sentimita 20 hadi 25. Ukikosea hapo hujakosa picha ya kuposti. Umemjeruhi kiumbe hai, anakimbia na risasi tumboni, anakufa kesho yake kwa maumivu na nyama inaoza. Hilo ndilo linaloniuma kwenye hii fasheni.

Kwa wale wa kulenga karatasi, nawapa haki yenu. Shabaha haikimbii, umekaa mezani, una muda. Hapo 4-12 au 6-18 ina maana, tena tafuta yenye kirekebisho cha umbali pembeni au mbele, ili ukisogeza jicho kidogo msalaba usihame kwenye shabaha. Ila ukitaka moja ya kazi zote, 3-9x40 haijawahi kumtupa mtu.

Sasa bei. Tuseme una dola 300. Usizimalizie zote kwenye darubini! Ya kama dola 150 hadi 200 kutoka kampuni yenye udhamini wa kueleweka inatosha. Vortex Crossfire II ipo kwenye hiyo rika, na udhamini wao ni wa maisha, hata kama umeinunua mkononi kwa mtu. Ukijinyima kidogo unaifikia Leupold VX-Freedom. Inayobaki nunua pete na kitako imara vya kuifungia, maana pete za bei ya pipi zinalegea halafu unalaumu darubini. Chenji yote iende kwenye risasi za mazoezi.

Kabla hujaiamini, ijaribu. Funga bunduki vizuri mezani, shabaha yadi 100. Piga. Zungusha kliki 20 juu, piga. 20 kulia, piga. 20 chini, piga. 20 kushoto, piga. Risasi ya mwisho lazima irudi pale ilipoanzia ya kwanza. Isiporudi, irudishe dukani siku hiyohiyo. Na kaa nayo mbali na jicho, kama sentimita 8 hadi 10. Ukiisogelea kwa mbwembwe, bunduki ikipiga teke itakuchana nyusi.

Feki nazo zimejaa. Leupold wenyewe walishawatahadharisha wateja kuhusu nakala bandia. Jina kubwa, bei ya kutupa, muuzaji humjui: kimbia. Na zile zinazotengenezwa kwa ajili ya bunduki za kuchezea, zikipata teke la bunduki halisi zinaachia.

Kingine mtu asikudanganye kwamba Marekani kila kitu ruksa. Ukiwa na visa ya muda, kama ya mwanafunzi, sheria yao ya taifa inakukataza kumiliki bunduki, isipokuwa kwa masharti maalumu kama kuwa na leseni halali ya kuwinda. Uliza kwanza. Huku Bongo ndiyo usijaribu kabisa: bunduki bila leseni ni kesi, kuwinda bila kibali ni kesi nyingine. Kenya wao walishapiga marufuku uwindaji tangu 1977.

Staa, nakupenda sana na video zako naangalia zote. Ila wanaokuiga wengi wanabeba maboksi usiku kucha ndio wapate hiyo hela. Siku moja waonyeshe karatasi yako ya shabaha, tuone matundu yako yako wapi. Hapo ndipo tutajua darubini yako inafanya kazi au inapendeza tu.

Haya wadau, hasa mlio huko ughaibuni: mnatumia ipi, na imewahi kuwaangusha? Tiririkeni hapo chini.